Hakukuwa na Mbuzi

Kwanza kabisa: hakukuwa na mbuzi. Najua wengi wenu mmeshaisikia ile sauti iliyorushwa kwenye grupu la mtaa, jamaa anacheka mpaka pumzi zinamkata, eti kocha kaburutwa na mbuzi uwanja mzima. Huyo ni rafiki yangu, tumekula naye, na Jumanne jioni alikuwa ng'ambo ya barabara akisubiri chipsi. Hakuona vizuri. Aliyeniburuta ni namba tatu wangu, ana miaka 11, na alikuwa peku.

Vijana wangu wa mchangani wana ugonjwa mmoja: mpira ukiwa kona ile, wote wako kona ile, kama kuku waliomwagiwa mtama. Nimewachorea chini, nimewapangia vizibo vya soda, huyu ni sita, sita unakaba mbele ya mabeki, usiondoke hapo hata ukiitwa na rais. "Sawa kocha." Mpira ukianza tu, sita yuko golini kwa wapinzani.

Ndipo nikatia bando nikaangalia habari za Arrigo Sacchi, yule Mwitaliano aliyebeba Kombe la Ulaya na Milan 1989 na 1990. Yeye alitaka kutoka beki wa mwisho mpaka mshambuliaji wa mbele pasizidi mita 25, timu ipande pamoja, ishuke pamoja, na mazoezi mengine walifanya bila mpira kabisa. Nikasema hii ndiyo yetu. Mpira wenyewe tulionao unavuja.

Kamba ni wazo langu, Sacchi msimsingizie. Niliazima ya kuanikia nguo ya mama mwenye nyumba (yeye hakujua kama kaniazima), vibanio viwili bado viko juu yake, nikawafunga mabeki kiunoni, hatua nane nane. Mmoja akienda kulia, wote kulia. Namba nne alikuwa madrasa, nikasimama mimi mahali pake. Mafundo nikapiga yale ya babu, ya kufungia mifugo, ambayo ng'ombe akivuta ndiyo yanakaza. Na sheria ilikuwa moja: filimbi ikilia, kila mtu anaganda alipo, nikague umbo la timu.

Dakika kumi za kwanza, jamani, raha tupu. Tunapanda, tunashuka, mstari kama rula. Nikaanza kujiona niko Milan. Namba tatu naye akamwona mama yake.

Mimi ningejuaje kwamba mtoto alitumwa mafuta ya kula tangu saa tisa? Chupa iko nyuma ya goli, tupu, hela kaifunga kwenye pindo la fulana. Mama anakuja, ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

Mtoto hakusema neno. Akapanda ubavu wa kushoto, vile vile nilivyokuwa nikimsihi apande tangu Februari. Hapa naomba twende polepole, maana ndipo rafiki yangu alipoharibu. Kamba ilikaza kwanza, ikalia twaa. Namba tano akachomoka kama kizibo. Nikamtazama akiondoka, nikawaza, kumbe huyu ana kasi. Kisha kiuno changu kikaondoka, mimi nikabaki. Nikaenda chini kifua mbele, filimbi mdomoni, na kwa kuwa mtu akiburutwa hupumua, filimbi ikalia. Priii. Wale wengine wote, pamoja na kipa, wakaganda. Kama nilivyowafundisha! Kila nikihema, priii, wanaganda zaidi. Namba tisa kasimama mguu mmoja juu, ananiangalia napita. Mchanga kooni, kibanio kimeng'ata shati, bodaboda wa kijiweni wanapiga honi, na mmoja wao anapaza sauti: "Refa, ofsaidi hiyo!"

Aliyekumbuka adabu ni namba mbili, aliyekuja mwisho kama behewa. Tumelala pale mchangani, mama kasimama juu yetu, namba mbili akasema, "Shikamoo mama." Namba tano naye, "Shikamoo mama." Mama, ndala ikiwa hewani: "Marahaba. Marahaba." Akanigeukia mimi. Huyu mama tunalingana naye, pengine hata namzidi. Nikajisikia nasema, "Shikamoo."

Hakuitikia. "Mwanangu unamfunga kamba kama mbuzi?"

Basi mbuzi wenu alizaliwa hapo.

Yaliyobaki hayana maana: mafundo ya babu yaligoma, kikaja kisu cha muuza chipsi, kamba ya watu ikawa vipande vitano, nimelipa. Mafuta nimenunua mimi. Kiwiko kinapona. Ila semeni yote, tulipoanguka mstari ulikuwa umenyooka. Niliukagua nikiwa chini.

Jumamosi tuna mechi. Jana namba tatu kaja mazoezini, kasimama mbali kidogo, chupa ya mafuta mkononi, safari hii imejaa.

"Kocha, Jumamosi tutafungwa tena?"