Gari halikunimeza: maelezo rasmi ya mhusika

Kwanza kabisa, gari halikunimeza. Najua mmeshaiona ile video ya mkono wangu ukiwa umenasa ndani ya dashibodi, na najua swahiba wangu aliandika nini chini yake: "Jamaa kanasa kama nyani kwenye kibuyu." Video yenyewe fupi, haina mwanzo, na imekatwa makusudi pale ambapo mimi naonekana nina akili timamu. Kwa hiyo leo naeleza mwenyewe, kiganja bado kimevimba, naandika kwa kidole kimoja cha mkono usio wangu wa kuandikia. Mkikuta makosa ya tahajia, hayo ni majeraha.

Gari mnalijua. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, zile zilizouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster. Viti viwili, paa la turubai, taa za mbele zinazochomoza kwenye boneti na kuzama tena. Nalipenda, sitaki maswali. Kasoro yake ilikuwa moja: redio ya kiwandani. Redio za Japani za miaka ile FM yake inaanzia 76 MHz na kuishia 90. Sehemu kubwa ya dunia iliyobaki inatangaza kuanzia 87.5 mpaka 108. Piga hesabu. Nilikuwa na kijisehemu cha megahezi mbili na nusu, na humo ndani alikuwa akiishi mtangazaji mmoja mwenye mafua na mkwaruzo usiokwisha. Sehemu ya kanda ndiyo usiseme: iliingia kanda, haikutoka, na ikawa inajitafuna yenyewe kila nikipita kwenye tuta.

Basi nikanunua redio mpya, yenye Bluetooth. Ukubwa si tatizo, maana redio za magari zilishakubaliana tangu zamani juu ya kile kipimo cha DIN, uso wa milimita 180 kwa 50, na tundu la gari langu linameza hata mbili zilizopandiana. Nikamwita swahiba aje kunimulikia tochi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kumulika. Kumbukeni hilo mnapoitazama video, mjiulize aliyekuwa akimulika alipata wapi mkono wa kurekodi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno, na mimi mambo yakienda vizuri huwa naanza kutoa mihadhara. Nikang'oa yale matundu mawili ya mviringo ya upepo, nikafungua skrubu zilizojificha ndani yake, nikafungua na za pembeni kwa chini, kava lote la katikati ya dashibodi likalegea. Likalegea tu, halikutoka, kwa sababu nyuma yake kuna soketi za swichi mbili: ya hazadi, zile taa za tahadhari za kumetameta, na ile ya kuchomoza taa za mbele. Soketi zikagoma kuachia. Nikasema potelea mbali, lining'inie hapohapo. Likaning'inia, vile vitufe viwili vikinitazama.

Nyaya nazo nikamfundisha swahiba kama profesa. Njano ni umeme wa kudumu, huo unaitunzia redio kumbukumbu. Nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Nyeusi eathi, umeme unarudia hapo kwenye bodi ya gari. Bluu inapandisha antena ya mota. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika, na kila moja ina pacha wake mwenye mstari mweusi, huyo ni hasi. Swahiba akaitikia "sawa, sawa" kwa sauti ya mtu anayewaza chakula. Kwa majaribio nikaziunga njano na nyekundu pamoja, redio iwake bila kutafuta ufunguo. Nikaenda nyuma nikarudisha betri (kwenye gari hili betri inakaa kwenye buti, usiniulize), nikafunga buti, nikatia ufunguo mfukoni. Redio ikawaka. Antena ikapanda yenyewe kule nyuma, mmm, mmm, mmm, mpaka juu. Simu ikaungana. Tukapeana mikono.

Halafu nikaona plagi ya antena haipo. Ilikuwa imeteleza ikaangukia ndani, nyuma ya tundu.

Sasa hapa naomba twende taratibu, maana hapa ndipo video inapodanganya.

Redio mpya ilikuwa imelala chali juu ya kiti cha abiria, nyaya zake zikiwa zimeingia tunduni. Mimi nimepiga magoti nje, mlango wazi, paa liko chini, kifua nimekilaza juu ya kiti. Yaani juu ya redio. Mkono wa kulia nikauingiza tunduni. Kiganja kikapita. Kifundo kikapita. Kiwiko kikafika mdomoni mwa tundu. Nikapapasa, nikaigusa plagi kwa ncha ya vidole, nikaishika. Nikasema kwa fahari, "Nimeipata!" Nikavuta.

Mkono haukuja.

Nikavuta tena. Kitu kikaubana kwa ndani. Ilikuwa ni saa yangu. Mkanda wake wa chuma ulikuwa umeshikwa na kile kipande cha bati kinachobeba redio, na kila nikivuta unazidi kujifunga. Nilipojaribu kujigeuza, bega likalibonyeza lile kava linaloning'inia. Taa za mbele zikachomoza. Nikajigeuza upande wa pili. Hazadi zikaanza: tiki, taka, tiki, taka. Nikashtuka, taa zikazama. Nikashusha pumzi, taa zikachomoza. Kwa mtu anayepita, gari lilikuwa linakonyeza watu huku miguu yangu ikipiga teke hewani.

Swahiba ndiye aliyeacha kumulika hapo. Nilijua kwa sababu giza liliingia tunduni.

Na hapo hapo simu ikaita. Inaita kupitia spika za milangoni, na kupitia vile vispika vidogo vilivyomo ndani ya egemeo la kichwa la kila kiti, kitu ambacho siku zote nakisifia kwa wageni. Nikamwambia swahiba, "Usipokee!" Hakupokea yeye. Kilichopokea ni kifua changu. Nilivuta pumzi nimpigie kelele, mbavu zikabonyeza kitufe.

"Haloo? Haloo, mwanangu?"

Mama mkwe.

Wewe unayecheka hapo nyuma, nakuona.

Mtu na akili zake angefanya nini? Nilifanya nilivyolelewa. Nikiwa nimepiga magoti, shavu limebanwa kwenye kiti, mkono umezama dashibodini mpaka kiwiko, nikasema kwa adabu zote, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri mama." Tiki, taka.

"Na kazi?"

"Nzuri." Taa zikazama.

"Na gari lako lile dogo, linaendelea vizuri?"

Nikavuta pumzi kutafuta jibu, na pumzi ile ikaangukia kitufe cha kuongeza sauti. Kuanzia hapo kila nikipumua mama mkwe anapanda. Salamu za wagonjwa wote wa ukoo zikatangazwa mtaa mzima. Dirisha likafunguliwa mahali. Jingine likafunguliwa. Halafu nikagundua jambo jingine: kipaza sauti cha redio kiko usoni pake, chini ya moyo wangu kabisa.

"Mwanangu," akasema, "huko kuna ngoma?"

Nikaona njia ya kuokoka ni moja, kukata umeme. Njano na nyekundu zimeungana, kwa hiyo ufunguo wa kuwashia gari hausaidii kitu, dawa ni kuchomoa betri kwenye buti. Buti limefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwangu, mfuko ambao nimeukalia upande. Nikamnong'oneza swahiba. Swahiba hakusikia, kwa sababu mama mkwe alikuwa amefikia habari za mvua. Nikamnong'oneza kwa nguvu zaidi. Mwishowe nikapaza sauti, na nataka muyapime maneno haya kama yalivyosikika upande wa pili wa simu:

"Tia mkono mfukoni! Siyo huo! Wa kushoto! Chukua tu, chukua haraka, mimi siwezi kujitoa!"

Kimya. Hata hazadi nilihisi imepunguza sauti.

"Baba!" mama mkwe akapiga ukelele, si kwangu, kwa baba mkwe. "Baba njoo! Mtoto anaibiwa!"

Swahiba, ambaye angeweza kuniokoa kwa sentensi moja tu ya Kiswahili fasaha, alikuwa amekaa chini anashikilia gurudumu. Anacheka mpaka hatoi sauti. Simu yake bado imeinuliwa juu, inarekodi. Ndipo baba mkwe akachukua simu, na huyu ni mtu wa maneno machache. Kwa sauti iliyopita kwenye spika zote nilizoziunga mwenyewe, bila kukosea hata waya mmoja, akasema: "Wewe unayemwibia. Muachie mkono wake, chukua gari."

Chukua gari, jamani. Mkwe wangu aliligawa gari langu mbele ya majirani.

Kuhusu machozi yaliyoonekana kwenye video: kule nyuma ya dashibodi kuna vumbi la zaidi ya miaka 30, la Japani na la kila mahali lilikopita. Lilinimwagikia usoni. Sikulia. Macho yalitoa maji, na maji si kilio.

Yaliyofuata hayana maana sana. Jirani akaja na rungu, akaelezwa, akaenda kuliweka na kurudi na koleo. Swahiba akapata nguvu ya kusimama, akaingiza koleo tunduni, akaukata mkanda wa saa (na ngozi kidogo, hilo halimo kwenye video). Mkono ukatoka na plagi bado nimeishika, naomba hilo litajwe. Saa ikaanguka ndani na imebaki humohumo, kwa sababu mimi siingizi tena kiungo chochote mle. Ni saa inayolia kila ifikapo saa kamili, kwa hiyo sasa dashibodi inatangaza muda. Mke wangu akawapigia wazazi wake akawatuliza, kazi iliyomchukua muda mrefu kwa vile naye alikuwa anacheka. Njano na nyekundu nikazitenganisha, kila moja kwake. Redio ikaingia, kava likarudi, nakamata stesheni zote mpaka 108, na yule mtangazaji mwenye mafua nasikia alishapona.

Kimebaki kitu kimoja. Jana nilikuwa barabarani, paa chini, muziki safi, simu ikaita kwenye spika zote. Nikapokea kwa kidole, kama binadamu. "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alitaka kwanza nimhakikishie kitu.

"Mikono yako yote miwili iko wapi?"