Gari lilale gereji: mlio wa alfajiri haupimwi saa nne

Pikapu inayolia kama cherehani alfajiri, kisha inanyamaza kabla haijafika lami, inapimwa pale ilipolala. Lakini utaratibu wetu hapa Dodoma ni mwingine. Mwenye gari anatoka Nala au Ihumwa, anafika gereji saa nne, injini imeshapata moto njiani. Fundi anafungua boneti, anainamisha sikio, anasema "tapeti hizo, mzee," au "weka oili nzito, itatulia." (Tapeti ni visukuma vya vali, juu ya injini.) Amesikia nini? Wakati huo hakuna kilicholia.

Msimamo wangu ni kwamba hela ya kwanza kabisa itumike kumlipa fundi afike nyumbani kwako saa kumi na mbili asubuhi, au gari lilale gerejini kwake. Injini inahitaji kama saa 8 kupoa mpaka ndani na oili yote ishuke kwenye sampo, yaani karai la oili chini ya injini. Miezi ya Juni hadi Agosti, asubuhi zetu zinaposhuka mpaka nyuzi 14 hivi, ndiyo inayofaa zaidi. Mlio ambao mwezi Novemba ni wa sekunde mbili, Julai unakupa nafasi ya kuusikiliza vizuri.

Kabla ya kupiga stata, pima oili kwa stiki. Ikiwa chini ya alama ya chini, jaza kwanza, maana pampu ikivuta hewa kila kitu kinalia na utamsingizia asiyehusika. Weka simu juu ya mdigadi, anza kurekodi, halafu washa. Usikanyage mafuta. Iache sailensa, yaani izunguke yenyewe polepole, uhesabu sekunde tangu injini iliposhika mpaka mlio unapokoma. Hesabu hiyo peke yake inaondoa nusu ya watuhumiwa.

Mlio wa sekunde 2 hadi 5 tu, tena baada ya gari kulala usiku kucha, mara nyingi ni oili kuchelewa kufika juu. Mtuhumiwa wa kwanza hapo ni filta. Filta nzuri ina ulimi wa mpira kwa ndani unaozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Za bandia zina ulimi mgumu kama plastiki, au umekunjika. Unaponunua filta, sukuma ulimi huo kwa njiti kupitia vile vitundu vya pembeni: uwe laini na urudi wenyewe. Filta iliyofungwa ubavu au mdomo ukitazama chini, ukiifungua asubuhi kabla ya kuwasha na kuikuta karibu tupu, umepata jibu bila kugusa tapeti. Injini za cheni nazo, kama 4JJ1 ya Isuzu D-Max au YD25 ya Nissan, huchakaa kikaza cheni kinachotegemea presha ya oili, na hapo utasikia mkwaruzo upande wa mbele, si tik-tik safi. Ila fundi akikwambia "cheni" kwenye Hilux yenye injini ya 1KD au 5L, muulize ipo wapi. Injini hizo zinatumia mkanda wa taimingi.

Mlio unaodumu dakika moja hadi tano kisha unafifia ndio unaowapotosha wengi, na ndio wenye hasara kubwa, hasa kwa Hilux za D-4D zenye injini ya 1KD, zile za umbo la Vigo. Noseli zake, zinazopuliza dizeli, zinakaa juu ya washa za kopa (pete nyembamba za shaba za kuziba) ndani ya silinda hedi, na sehemu yake ya juu imefunikwa na tapeti kava. Washa ikichoka, kila silinda ile inapochoma, moshi wa moto unapenya pembeni ya noseli na kupulizia chini ya kava, palipo na oili. Alfajiri unasikia tik-tik yenye pumzi kidogo, kama mtu anayehema kwa kubana meno. Injini ikipata joto, kopa na hedi vinatanuka, upenyo unaziba, mlio unaisha. Mwenye gari anashukuru, anapakia mahindi Kibaigwa, anaondoka.

Masizi hayaendi popote. Yanaungana na oili, yanakuwa utando mweusi kama lami, yanashuka kwenye sampo na kuganda juu ya wavu wa chujio ambalo pampu inavutia. Wavu ukiziba, presha ya oili inaporomoka injini ikiwa na mzigo, na beringi za krenki, mhimili mkuu wa injini, zinakwenda. Washa nne zilizochoka zimegeuka kuwa kazi ya kuchonga krenki. Taa ya oili haikuokoi hapo, kwa sababu imetengenezwa iwake presha ikishakaribia kuisha kabisa. Afadhali ufungue swichi ya oili, ufunge geji ya kawaida mahali pake na usome injini ikiwa ya moto. Kwa Hilux za dizeli kama 5L, kitabu cha Toyota kinataka isipungue kPa 29 kwenye sailensa, na iwe kati ya 245 na 588 kwenye mizunguko 3,000.

Kipimo cha washa za kopa ni rahisi. Injini ikiwa baridi na inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Mvuke mdogo ni kawaida kwa dizeli iliyozeeka. Pumzi zenye mpigo, tena zinazonuka moshi wa eksozi, si kawaida. Geuza kifuniko uangalie chini yake: ukikuta ukoko mweusi unaong'ang'ania kucha, usiendelee kubahatisha. Washa mpya ziwe nne, hata kama inayovuja ni moja. Wapo wanaozichoma za zamani kwa moto mpaka ziwe nyekundu ili zilainike, kisha wanazirudisha. Kwa kazi hii mimi siikubali, kwa sababu kiti cha noseli kimeshaumia na washa imeshapungua unene. Safisha kiti mpaka kopa ikae kwenye chuma kitupu. Halafu, hapa ndipo wengi wanapokata kona, teremsha sampo uoshe wavu. Kubadilisha washa na kuacha wavu umeziba ni kutibu kikohozi na kumwacha mgonjwa bila chakula. Mwaga oili tena baada ya kilomita 1,000, kwa sababu oili mpya itaendelea kung'oa masizi yaliyobaki.

Mwenzake katika kundi hili ni manifoldi ya eksozi inayovuja, ile inayokusanya moshi kutoka kwenye hedi. Stadi (bolti zake) za silinda za mwisho ndizo hukatika kwanza, maana chuma kirefu kinapotanuka na kunywea, ncha ndizo zinazosafiri zaidi. Chukua maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia, rushia kwenye maungio ya manifoldi na hedi mara tu injini inaposhika, ikiwa bado inashikika kwa mkono. Mapovu yatakuonyesha. Una kama dakika moja. Baada ya hapo maji yanakauka na mwanya unajifunga. Doa jeusi pembeni ya gasketi ni ushahidi wa pili. Pistoni iliyochakaa nayo hulia baridi, lakini sauti yake ni nzito, inatoka ubavuni mwa bloku, si juu.

Kama mlio hauishi hata injini ikipata moto, sasa ndiyo tuzungumze tapeti. Rudi kwenye simu, cheza rekodi kwa kasi ya nusu. Kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, tapeti moja hugonga kama mara 6 kwa sekunde, kwa sababu kamshafti, mhimili unaofungua vali, inazunguka nusu ya krenki. Kitu kinachofuata krenki moja kwa moja kitagonga mara 12 na zaidi. Mlio usiofuata hesabu zote hizo utafute kwenye vitu vya mkanda: toa mkanda, washa kwa sekunde 30, sikiliza. Tahadhari moja: kwenye injini za 3L na 5L za Toyota na 4JA1 ya Isuzu, pampu ya vakyumu ya breki iko nyuma ya alteneta, kwa hiyo bila mkanda usithubutu hata kulisogeza gari.

Noseli pia hugonga, na kwa dizeli za pampu ya kawaida unaweza kulegeza nati ya bomba la noseli moja moja. Mlio ukipotea, silinda hiyo ndiyo yenye kesi. Usifanye hivyo kwenye D-4D wala dizeli yoyote ya komoni reli, ambapo noseli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa. Presha ya pale inachoma ngozi na kuingiza dizeli mwilini. Huko tumia mashine ya kusoma kompyuta ya gari, uangalie marekebisho ya kila noseli injini ikiwa ya moto. Kwa D-4D, inayopita milimita za ujazo 3 juu au chini ya sifuri ndiyo ya kutoa.

Gepu ya tapeti hupimwa kwa fila geji (vibamba vya chuma vya unene unaojulikana), injini baridi, si kwa sikio. 5L inataka milimita 0.20 hadi 0.30 kwa vali za hewa na 0.40 hadi 0.50 kwa za eksozi. 1HZ ya Land Cruiser ni 0.15 hadi 0.25 na 0.35 hadi 0.45. 4JA1 ni 0.40 zote. Isuzu hiyo ina skrubu na nati, unaseti kwa bisibisi. 5L ina visahani vya unene tofauti vya kubadilisha, na hesabu yake ni unene wa kisahani cha sasa ukijumlisha gepu uliyopima, ukitoa 0.25 kwa vali ya hewa au 0.45 kwa ya eksozi. Umepima eksozi 0.60 na kisahani ni 2.30? Tafuta cha 2.45.

Ugomvi wangu mkubwa ni na anayekaza tapeti mpaka injini inyamaze. Vali ya eksozi hupoa pale inapogusa kiti chake. Ukiinyima gepu haikai sawasawa, inaungua ukingo, na siku moja kwenye mlima wa Mpwapwa silinda inakata. Tapeti inayolia kidogo inakupigia kelele tu. Iliyobanwa inaungua kimyakimya.

Oili nzito ni ndugu wa ujanja huo. SAE 40 tupu au 20W-50 kwenye injini iliyoandikiwa 15W-40 inaweza kweli kupunguza mlio, kwa sababu utando mnene unaziba nafasi zilizochakaa. Lakini asubuhi ya baridi inachelewa zaidi kufika kwenye kamshafti, na ulichofanya ni kumziba shahidi mdomo. Oili ya chupa ndogo ya "kutuliza injini" naiweka kapu hilohilo. Pima kwanza kwa oili iliyoandikwa kwenye kitabu na filta halisi, ndipo ujue unachosikia ni nini.

Ukilaza gari gerejini, andika kwenye karatasi aina ya oili, kilomita tangu ilipomwagwa mara ya mwisho, na mlio unadumu sekunde ngapi. Ibandike kwenye usukani. Kisha mwambie mlinzi kwamba asubuhi wakihitaji nafasi, waisukume. Akiiwasha kuisogeza mita tano tu, fundi atakuja kusikiliza injini iliyokwisha kunyamaza, na itabidi ilale tena.