Chanjo ya Oxford, watoto wa Bagamoyo

Tangu nihamie Oxford nimezoea kuwasikia majirani wakiitaja R21, chanjo ya malaria iliyobuniwa katika chuo kikuu cha mji huu, kwa fahari ya watu wanaosifia timu ya mtaani kwao. Fahari hiyo ni haki yao. Lakini majaribio yake ya awamu ya tatu, yale makubwa yanayopima kama chanjo inakinga kweli, yalihusisha watoto zaidi ya 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania, na upande wa Tanzania yalifanyika Bagamoyo, kwenye kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara. Sijakutana bado na jirani anayejua Bagamoyo iko wapi.

Huku, anayejitolea kwa utafiti wa chanjo mara nyingi ni mtu mzima mwenye afya njema aliyeona tangazo na kujiandikisha mwenyewe, na matokeo yakitoka huyasikia kwenye taarifa ya habari kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kwetu anayedungwa ni mtoto mdogo, na mwenye kubeba uamuzi ni mama yake. Dada yangu anayeishi Magomeni, Bagamoyo, alipoombwa kumwingiza mwanawe katika utafiti mmoja, alisomewa fomu ya ridhaa mpaka mwisho, akauliza damu itachukuliwa kiasi gani na itapelekwa wapi, ndipo akatia saini. Mwenzake asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Swali la damu si dogo katika pwani iliyolelewa kwa hadithi za mumiani, wale wanaosemwa kunyonya watu damu. Wahudumu wanaolijibu nyumba kwa nyumba, juani, wanafanya kazi ya kisayansi sawa na wale wa maabara, ingawa majina yao hayaonekani popote.

Matokeo ya R21 yalichapishwa mwaka 2024, miezi michache baada ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2023. Katika mwaka wa kwanza baada ya dozi tatu, ilipunguza malaria kwa asilimia 75 pale ilipotolewa kabla ya msimu wa ugonjwa, na kwa asilimia 68 pale ilipotolewa kwa kufuata umri wa mtoto, kama Bagamoyo. Takwimu hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la kitabibu. Nilipomuuliza dada yangu utafiti wa mwanawe ulionyesha nini, alisema mtoto hakuugua sana mwaka ule, basi.

Kwa maoni yangu, vyuo vikuu vya huku, ambavyo mara nyingi ndivyo vyenye kushika fedha, vina deni hapo. Mafuta ya magari na mishahara huwekwa kwenye bajeti tangu siku ya kuomba ufadhili. Na mkutano wa mtaa wa kutoa matokeo uwekwe kwenye bajeti hiyo hiyo, ufanyike kwa Kiswahili, akina mama wapewe nafasi ya kuuliza, na wahudumu waliopita nyumba kwa nyumba waketi meza kuu pamoja na maprofesa.