Moduli ipakiwe asubuhi, au mkulima akishafika mizanini?

Kwenye chama kimoja cha msingi huko Uru, juu kidogo ya Moshi mjini, kuna laptopu kuukuu inayoendesha programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Kazi yake ya kila siku ni ndogo: karani anaingiza jina la mkulima na kilo za kahawa, risiti inatoka. Tatizo ni umeme. Betri ya laptopu ilishakufa, hivyo umeme ukikatika msimu wa mavuno kila kitu kinaanza upya, na karani anabaki anatazama skrini tupu huku magunia yakipangana mlangoni. "Kaka, mbona inawaza sana?" aliniuliza dada wa mizani, na sikuwa na jibu la kumpa papo hapo.

Jibu nililipata nilipoiendesha programu kwa -X importtime, swichi iliyoingia kwenye toleo la 3.7 la Python, inayoonyesha kila moduli, yaani kila faili la msimbo ambalo programu inaliazima, imetumia muda gani kupakiwa. Sehemu kubwa ililiwa na pandas, ya kuchambua data, na matplotlib, ya kuchora grafu. Zote mbili zinahitajika mara moja kwa mwezi, ripoti ya bodi inapotengenezwa. Lakini Python ikikuta agizo la import, yaani la kuita moduli, mwanzoni mwa faili inalitekeleza palepale: inaitafuta moduli, inaendesha msimbo wake wote, na moduli hiyo nayo inaita nyingine, hadi mnyororo uishe.

Njia ya kienyeji tunaijua sote: unahamishia import ndani ya fankisheni, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, inayoihitaji. Hata ndani ya maktaba sanifu ya Python yenyewe, yaani moduli zinazokuja nayo, ukiacha faili za majaribio, takriban asilimia 17 ya import zimefichwa namna hiyo. Inafanya kazi, ila anayesoma faili hajui tena programu inategemea nini mpaka aisome yote.

Mwaka 2022 wahandisi wa Meta walileta pendekezo namba 690 la kuiboresha Python, PEP 690, lenye swichi ya kuahirisha import za programu nzima. Walieleza kwamba kwenye programu zao za terminali, zinazoendeshwa kwa kuandika amri, muda wa kuanza ulipungua kwa hadi asilimia 70, na kumbukumbu ya kompyuta inayotumika kwa hadi asilimia 40. Desemba mwaka huohuo baraza linaloongoza Python likalikataa. Hofu kubwa ilikuwa mgawanyiko: kila mwandishi wa maktaba angelazimika kuijaribu kazi yake mara mbili, swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Nadhani walikuwa sahihi. Zipo moduli ambazo kupakiwa kwenyewe ndiyo kazi yao: zinajiandikisha mahali fulani, zinaweka mipangilio. Ukiziahirisha bila mwenyewe kujua, kazi hiyo haifanyiki, na hakuna kosa lolote litakaloonekana.

PEP 810, pendekezo jingine la kuahirisha import, lililokubaliwa Novemba 2025 kwa ajili ya toleo la 3.15, limepita njia nyingine. Unaandika lazy import pandas, moduli moja moja, kwa hiari yako. Jina linakuwepo juu ya faili ambapo kila mtu analiona, lakini moduli hupakiwa siku jina hilo linapoguswa kwanza. Neno lazy halikubaliki ndani ya fankisheni, darasa (class) wala try, sehemu ya msimbo inayonasa makosa. Moduli ikishindwa kupakiwa, ujumbe wa kosa unataja sehemu zote mbili: ilipoagizwa na ilipoguswa. Hilo la mwisho linanifurahisha kuliko yote, maana ndiko tulikokuwa tunaumia.

Hata hivyo gharama haijafutwa, imehamishwa tu. Leo moduli ikikosekana, programu inakataa kuwaka saa moja asubuhi. Karani ananipigia simu, nalishughulikia kabla watu hawajafika. Ikiahirishwa, kosa lilelile linaweza kulipuka saa sita mchana, mzee ametembea na gunia lake kutoka mbali, kilo zimeshasomwa, risiti haitoki. Unamwamkia shikamoo, halafu unamwambia nini? Kwa mwandishi wa programu yote mawili ni kosa moja. Kwa yule mzee si kosa moja hata kidogo, na sioni kasi ya kuwaka inayoweza kulifidia.

Kuangalia mapema kwa importlib.util.find_spec, fankisheni ya Python inayotafuta moduli bila kuiendesha, kunasaidia nusu: kunakuambia moduli ipo, hakukuambii kama itapakiwa salama. Kwa hiyo jaribio linaloigusa kila moduli iliyoahirishwa, kabla laptopu haijapelekwa kijijini, mimi nalihesabu kuwa la lazima.

Na kwa programu ya seva, inayowaka mara moja na kuhudumia watu siku nyingi mfululizo, kuahirisha kuna faida ndogo sana. Mteja wa kwanza ndiye atakayelipa kwa kusubiri.

Pale Uru uamuzi wangu ni huu. Toleo jipya likifika, pandas na matplotlib zitapata neno lazy, kwa sababu ripoti ikigoma karani ana siku kadhaa za kunitafuta. Moduli ya risiti sitaigusa. Ipakiwe asubuhi, kabla gunia la kwanza halijashushwa.