Saketi Iliyokwenda Kwenye Usaili

Tona ya printa ya leza haina adabu. Watu huiita wino, kumbe ni unga wa plastiki: rola la moto huuyeyusha ukagandia karatasi, na ukipashwa moto tena huyeyuka tena na kuhamia kwa jirani. Sisi tunaotengeneza bodi za saketi nyumbani tunaitegemea tabia hiyo. Unachapisha mchoro kwenye karatasi ya jarida inayong'aa, unaulaza kifudifudi juu ya kibao cha shaba, unapiga pasi, unaloweka, unasugua karatasi mpaka itoke. Mistari myeusi inabaki kwenye shaba kama kinga. Ukitumbukiza kibao ndani ya feriki kloraidi, shaba isiyofunikwa inaliwa yote.

Ndivyo inavyoelezwa. Shaba yangu ilikuwa haijapata habari.

Wakati huo nilikuwa naishi kwa kaka yangu, nikihangaika na kijitaa cha kupepesa cha chipu ya kupima muda iitwayo 555, ile aliyoibuni Hans Camenzind mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilisugua shaba kwa msasa, nikaifuta kwa asetoni, nikaishika kingo tu ili mafuta ya vidole yasiiguse. Pasi ya shemeji nikaiweka kwenye moto wa pamba, bila mvuke. Nikibandua karatasi, nusu ya mistari inaondoka nayo. Nikibonyeza zaidi, mistari inatapanyika, njia mbili zinakuwa moja.

Tena kulikuwa na suala lililoninyima usingizi: mchoro ugeuzwe kama kwenye kioo kabla ya kuchapwa, au uachwe ulivyo? Chipu inakaa upande huu, shaba iko upande ule, na pasi nayo inageuza. Nilikuwa nikiugeuza kichwani mpaka sikumbuki nilianzia wapi. Mwishowe nikachapisha nakala yenye maandishi ya kinyumenyume, juu ya uso wa dada mmoja aliyekuwa akitangaza sabuni jaridani, nikaiacha kwenye meza ya pasi, tona ikitazama juu. Nikaenda kutafuta rula.

Shemeji akaingia na shati jeupe la kaka. Asubuhi ile kaka alikuwa na usaili wa kazi ya uhasibu. Shemeji hupiga pasi mashati kwa upande wa ndani ili yasing'ae, na huipiga kama mwenye kesi na mikunjo: anaegemeza mwili mzima, anatulia, ndipo anahama.

Aliponyanyua shati, dada wa sabuni akanyanyuka nalo. Akamvuta, dada akagoma. Basi shemeji akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: akaloweka mahali pale kwenye beseni, akasugua taratibu kwa kidole gumba hadi karatasi yote ikatoka.

Narudi na rula yangu, nakuta saketi kifuani mwa shati. Haina mkatiko. Njia zote zimenyooka, vituo vya miguu minane ni duara safi, na maandishi ya "5V" na "0V" yanasomeka vizuri kabisa. Suala la kugeuza likawa limeisha.

"Shemeji," nikasema, "umeifanyaje?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza hivyo!"

Nilijaribu asetoni kwenye kona moja. Tona ikageuka wingu la kijivu, na shemeji akaninyang'anya chupa. Kaka hakuwa na shati jingine la maana, kwa hiyo akalivaa lile likiwa bado bichi, akasema koti litaficha. Kabla hajalifunga nikamwomba dakika moja.

"Usipumue, kaka."

Nikamwekea chipu kifuani. Miguu ya 555 huachana kwa milimita 2.54, na pale ililingana na vituo bila kusukumwa. Nikamweleza kwamba kwa utaratibu chipu ingepaswa kukaa ndani, upande wa ngozi, miguu ndiyo itokeze nje. Akaniangalia kwa namna ambayo mtu humwangalia mpangaji, wala si ndugu. Akaondoka.

Alirudi mchana, koti mkononi.

"Chumba kilikuwa na joto," akasema, "wakaniambia nivue nijisikie huru."

"Wamesemaje?" shemeji akauliza.

"Watapiga simu." Kisha akanigeukia mimi. "Mmoja wao, mzee wa miwani, hakuniuliza hata swali moja la hesabu. Alikuwa akinitazama kifua tu. Mwishoni akainama juu ya meza, akaninyooshea kalamu, akasema mguu wa nne haujaunganishwa popote. Nikaitazama miguu yangu."

Mguu wa nne wa 555 ndio wa kuizima na kuianzisha upya. Ukiachwa unaning'inia, chipu inaweza kukatakata kazi kwa sababu inazozijua yenyewe.

"Hebu simama dirishani, kaka."

Nikahesabu kwa kidole kuanzia mguu wa kwanza. Mzee alikuwa na macho.

"Amesema uufunge kwenye wa nane," kaka akaendelea huku akifungua vifungo. "Halafu akaniomba namba ya simu. Nikaanza kumtajia yangu, akasema hapana, ya aliyechora."