Mji Wangu Umeenda Kazini

Ukisikia naishi Berkhamsted, mkoa wa Hertfordshire, usinionee wivu. Kodi ninayolipa hapa ingeshamwaga msingi wa nyumba Tanga, na bado mchana kutwa simwoni wa kumsalimia. Asubuhi treni inawazoa wote, inawamwaga Euston, London. Jioni inawarudisha wamenuna. Wanaobaki ni wastaafu, mbwa, na mimi siku yangu ya ofu.

Na tabia ya kupita njia haikuanza jana. Mwaka 1066 William wa Normandy, aliyeivamia Uingereza kutoka Ufaransa, alifika hapa, wakubwa wa nchi wakamnyenyekea. Unadhani alikaa hata anywe uji? Krismasi ikamkuta London, anavishwa taji. Abiria wa kwanza huyo! Ngome ya mji huu sasa ni magofu, kuingia bure, na stesheni iko pua na mdomo. Reli ilipoletwa miaka ya 1830 ilipitishwa palepale penye lango la nje la ngome. Ufalme baadaye, kwanza watu wawahi kazini.

Kuwahi kwenyewe sasa! Majani yakidondoka, treni inachelewa. Jua likichomoza siku tatu, wanasema reli imepata joto, treni inachelewa. Joto! Waje Dodoma mwezi wa kumi na moja waone joto. Pale mfereji wa Grand Union mashua zinapitwa na bata, ila sijasikia hata moja imefutwa. Kando ya mfereji huo kuna nguzo ndefu iliyochongwa na wenyeji wa asili wa Kanada, ina sura zilizokodoa macho. Ndizo sura pekee mjini zinazonitazama bila kujifanya zinasoma simu.

Kwenye jukwaa la stesheni kila mtu ana pahala pake, pale mlango wa treni utakapofungukia. Hapajaandikwa. Mimi mgeni nikajisimamia. Akaja bwana mmoja na kikombe cha kahawa, akanisogelea mpaka nikanusa dawa yake ya mswaki. Hakusema neno. Akakohoa. Akakohoa tena. Nikahama kama mtu aliyekutwa amelima shamba la urithi.

Mama naye akipiga simu: "Majirani hawajambo?" Mama, jirani simjui jina. Mbwa wake ndiyo, anaitwa Oscar, tunaheshimiana.

Jumapili nyingine wanafunga reli kwa matengenezo, tunapakiwa kwenye basi. Humo ndimo midomo inafunguka! Wanalalamika kwa raha zao, wanataniana, bibi mmoja akanigawia biskuti na habari zote za goti lake, mpaka daktari alivyomjibu. Nikasema eh, hatimaye nimepata shangazi. Jumatatu nikamwona jukwaani, nikampungia mkono kwa furaha zote.

Akaangalia saa.