Ufunguo wa Mlango wa Nyuma Anao Nani?

Duka moja la leso, yaani kanga, ninalolifanyia hesabu hapa Mombasa, karibu na Biashara Street, lina milango miwili. Wa mbele ni wa wateja. Wa nyuma unatokea kichochoroni. Una grili ya chuma na kufuli mbili, na funguo zake huwa mfukoni mwa tajiri, mwenye duka. Saa saba mchana akienda kwake Nyali kula, funguo zinakwenda naye. Ndani wanabaki vijana sita, marobota yamepangwa hadi darini, na ekstensheni moja inabeba feni mbili na birika la chai. Cheti cha zima moto kimetundikwa ukutani, na hakijapitwa na wakati.

Sheria haina mafumbo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, pamoja na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka huo huo, zinamdai mwenye kuendesha mahali pa kazi vizima moto vinavyofaa, ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka, zoezi la kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka, na milango ambayo aliye ndani ataifungua bila shida. Juu ya hayo ipo kaunti, iliyokabidhiwa kazi ya zima moto na Katiba ya 2010, nayo ina ukaguzi wake na ada yake.

Nimekaa na matajiri wengi nikawasikiliza, na sioni haki kuwaita wote wakaidi. Mwenye duka dogo hutembelewa na mkaguzi wa kaunti, kisha atafute mshauri aliyeidhinishwa na serikali kuu, na wote wawili wanakuja kutazama mtungi ule ule wa kuzimia moto. Hapo analipa mara mbili, na malalamiko yake ni ya kweli. Ngazi hizi mbili za serikali zingeweza kukubaliana juu ya ukaguzi mmoja, na watu wengi zaidi wangetii.

Jengo nalo mara nyingi si lake. Ukiwa Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe yenye ngazi moja nyembamba, huwezi kuamka tu ukatoboa ukuta, maana eneo lote linahifadhiwa. Hoja hii naikubali nusu. Vichochoro vile lori la zima moto haliingii, kwa hiyo walio ndani watategemea miguu yao wenyewe, na mlango mmoja uliopo unazidi kuwa na thamani.

Inayobaki ni hoja ya wizi, na ndiyo wanayoisema kwa uchungu. "Mwanangu," tajiri wangu aliniambia, "moto sijauona miaka 30. Mwizi namuona kila mwezi." Mimi ndiye ninayeandika hasara zake, najua hasemi uongo. Korja moja, yaani fungu la leso ishirini, ikipita mlango wa nyuma, faida ya siku kadhaa imekwenda.

Lakini hesabu hiyo imewahi kufanywa na wengine. Katika kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, tarehe 25 Machi 1911, mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa ili wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Walikufa watu 146. Hapa kwetu, baada ya moto wa Nakumatt Downtown jijini Nairobi, Januari 2009, walionusurika walilalamika kwamba milango ilifungwa kuzuia wizi. Na leso za polyester zikishika moto, moshi wake mzito wenye sumu humwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Hakuna muda wa kumpigia tajiri simu avuke daraja la Nyali alete ufunguo.

Tena si lazima kuchagua kati ya mwizi na moto. Kipo kitasa cha kusukuma: aliye ndani akikiegemea mlango unafunguka, aliye nje hapati pa kushika. Ukiongeza kengele inayolia mlango unapofunguliwa, na mwizi wa ndani naye umemziba. Hilo halihitaji kibali cha kubomoa ukuta.

Mwezi uliopita tajiri alikubali tufanye zoezi, mara ya kwanza tangu nimjue. Mtungi wa poda tuliukuta nyuma ya marobota, sindano ya kipimo imelala kwenye nyekundu. Kufuli zilikuwa zimefunguliwa mapema, vijana wakaambiwa. Kengele ilipopigwa, kijana wa stoo ya juu alishuka mbio, akaupita mlango wa nyuma ulio hatua tatu kutoka kwenye ngazi, akapenya kati ya wateja mpaka barabarani. Nilimuuliza kwa nini hakutokea nyuma. Akasema miaka minne aliyofanya kazi pale, mlango ule hajawahi kuuona wazi. Mguu wenyewe ulikwenda mbele.